Miadi ya upande mmoja

Mjomba, ile sauti uliyonitumia nimeisikiliza hadi mwisho. Jamaa anasema dereva wa Marekani analala kwenye roli lenye kitanda na friji, hajui foleni, anafika kwa miadi, anashusha, anasepa, na mwezi ukiisha anahesabu dola elfu kumi. Ukaniuliza, "Kweli hayo? Na mimi nije huko? Maana mimi mpakani Kasumbalesa, Zambia na Kongo, nimelala wiki nzima."

Kitanda kipo. Friji ipo, ya maji na mayai ya kuchemsha. Baridi na upweke umeshavisikia kwa wengine, sina jipya. Hiyo habari ya miadi ndiyo imenikera, na ndiyo nitakayokujibu.

Miadi ya huku inambana dereva peke yake. Chukua nimepakia nyama Colorado, naipeleka ghala la baridi nje ya Chicago, karatasi inasema kushusha saa kumi na moja alfajiri. Saa hiyo ni ya Chicago, wao wako mbele kwa saa moja. Ukivuka magharibi mwa Nebraska saa nzima imeliwa na hakuna wa kumdai. Nikichelewa nusu saa, getini naambiwa nafasi yangu imepita. Nimpigie dispacha, yule wa kampuni anayetupangia mizigo, dispacha ampigie dalali wa mzigo, dalali akaombe miadi mingine, nayo yaweza kuwa kesho. Na faini juu. Nikiwahi saa tatu kabla, naambiwa niondoke, hapa si pa kuegesha, nirudi saa yangu ikifika. Nikapaki wapi na semi la mita kumi na sita za trela peke yake, usiku, kila kituo kimejaa tangu magharibi? Hilo haliwahusu.

Haya, tuseme nimefika saa ileile. Narudi kinyumenyume hadi mlangoni, taa ya ukutani inawaka nyekundu, na kuanzia hapo hakuna anayenijua. Nakaa kitini nangoja gari litikisike. Foklifti, kile kigari cha kunyanyulia mizigo, ikiingia kwenye trela unaisikia kwenye makalio, kiti kinayumba kidogo, unajua wameanza. Kuna siku halitikisiki hadi saa sita mchana. Unakwenda kuuliza, karani yuko nyuma ya kioo, hainui hata uso, anakuonyesha bango kwa kidole: madereva wasubiri kwenye magari yao. Choo? Cha wafanyakazi. Cha dereva ni kibanda cha plastiki kule mwisho wa uwanja, kama kipo. Mimi mtu mzima, nina watoto, natembea na chupa ndani ya gari. Hilo usimwambie mama yako.

Kasumbalesa naijua, sikudharau. Lakini pale mnakwama wote. Mama lishe anapita na ugali wake, utingo anachemsha chai, mnacheza karata chini ya trela na kuwatukana watu wa forodha kwa pamoja. Halafu pale hakuna kinachokuhesabia saa. Huku kuna kidude kimeunganishwa na injini, ni lazima kwa karibu malori yote ya masafa marefu tangu Desemba 2017. Ukishaanza siku una saa 14. Ndani ya hizo unaruhusiwa kuendesha 11 tu, kisha upumzike 10 mfululizo. Na zile 14 hazisimami eti kwa kuwa umekaa mlangoni kwa watu. Upo ujanja halali wa kuyagawa mapumziko, mwaka 2020 waliulegeza, ila unataka ujue mapema utakaa pale saa ngapi. Nani anajua? Karani mwenyewe hajui.

Sasa piga hesabu. Siku yangu imeanza saa kumi alfajiri, wananiachia saa nane mchana. Zimebaki saa nne. Mzigo unaofuata uko Iowa, mwendo wa saa tano. Dispacha anapiga simu: "Utawahi?" Sheria ya tangu 2016 inakataza kampuni, dalali, au mwenye mzigo kumshurutisha dereva avunje saa zake. Na kweli hanishurutishi. Ananiuliza tu, kwa upole, na mimi najua nikisema hapana wiki ijayo nitapewa mizigo ya makombo. Hapo ndipo watu wanapokanyaga mafuta penye barafu, wanaruka chakula, wanapita kituo cha mwisho chenye nafasi halafu wanalala kwenye bega la barabara na taa zinamulika usiku kucha. Ukiona roli limebinuka huku usikimbilie kusema dereva mlevi.

Na pesa? Tunalipwa kwa maili. Gurudumu lisipozunguka, hamna kitu. Wengi wanaahidi malipo ya kungoja baada ya saa mbili za kwanza, lakini uwe na karatasi yenye saa ya kuingia na ya kutoka, imesainiwa, na dalali akubali, na dalali huwa na shida ya masikio siku hiyo. Saa za ziada usiniulize: sheria ya kazi ya huku ni ya 1938, na kwenye malipo hayo madereva wa mizigo inayovuka majimbo waliachwa nje, mpaka leo. Hizo dola elfu kumi wapo wanaozishika, tena wengi ni wenye roli lao, kabla hawajatoa dizeli, bima, matairi na rejesho la gari.

Mama yako aliponiandikia habari ya bati za jikoni nikamjibu "nitaona," alinuna. Najua alinuna, dada yangu nampatia. Nilikuwa nimekaa mlangoni kwa watu tangu alfajiri, sijaingiza hata senti. Ningemweleza nini? Kwamba mimi ninayeendesha roli Marekani nimeshindwa bati kumi na mbili kwa sababu foklifti haijaja? Ndivyo tunavyonyamaza wote huku, halafu jamaa kama huyo wa kwenye sauti anapata nafasi ya kuongea.

Kwa hiyo usije. Una gari la kampuni, una posho ya safari, una mke anayekuona kila mwezi. Ukiniuliza tena Ijumaa, hela ikishaingia, huenda nikakuambia njoo upesi, maana ada za watoto wa familia hii zimetoka kwenye makalio haya haya, na sijui zingetoka wapi pengine.

Kama kichwa chako kigumu kama cha babu yako, basi sikiliza. Kiingereza kwanza, tena cha kuongea. Tangu Juni 2025 askari akikusimamisha ukashindwa kumjibu Kiingereza, unawekwa kando hapohapo na gari halisogei nawe. Leseni yako ya nyumbani huku haina kazi, unaanza upya, na tangu Februari 2022 lazima upitie mafunzo ya chuo kilichosajiliwa. Usisaini mkataba wa kukodishiwa roli huku ukililipia kidogo kidogo. Nimeona watu wakifanya kazi wiki nzima na kuambiwa wao ndio wanaodaiwa. Tafuta kampuni ya kuacha trela na kuondoka na nyingine, hungoji mtu. Mizigo ya chakula ikimbie. Ingawa, kusema kweli, chakula hakikosi mzigo, watu wanakula masika na kiangazi, na ndicho kilichoniweka mjini mimi. Ukifika getini piga picha saa ya ukutani kabla hujasema "habari." Na kabla ya kusaini popote uliza: nikingojeshwa, nani ananilipa, na imeandikwa wapi? Wakianza kucheka, toka.

Pasi yako imeisha muda, usidhani sijui. Cheti cha kuzaliwa hakiko kwa mama yako, nilishamuuliza. Kitafute.