Doa jeusi kwenye unyayo

Baba yangu mdogo alikuwa na doa jeusi kisiginoni. Alilima mpunga maisha yake yote, mara nyingi akiwa peku, kwa hiyo lile doa lilipoanza kutoa majimaji sote tulisema kachomwa na mwiba. Zahanati walimsafisha, wakampa vidonge. Nyumbani tulifungua kapsuli tukanyunyizia unga wake juu ya kidonda, kama wafanyavyo wengi. Ukapita karibu mwaka. Daktari wa ngozi wa hospitali ya rufaa alipoushika ule mguu, habari za mwiba hakuuliza. Aliuliza, "Mzee, hili doa lilikuwepo kabla ya kidonda?" Lilikuwepo. Akapapasa kinena, tezi zilikuwa zimeshavimba. Ilikuwa melanoma, saratani ya zile seli zinazoipa ngozi rangi yake. Tulimzika kabla ya mavuno yaliyofuata.

Tangu hapo kila ninayempenda nimemwomba avue viatu nimtazame nyayo.

Alama nyingi mwilini hazina neno, na nisingependa mtu akose usingizi bure. Doa la kawaida hutokea pale seli za rangi zinapojikusanya mahali pamoja badala ya kutawanyika. Mengine tunazaliwa nayo, mengi hujitokeza utotoni na ujanani. Ukoo unachangia, jua pia, hasa kwa wenye ngozi nyeupe, na mjamzito anaweza kuona alama zake zinakolea. Mama yangu ana vijidoa vyeusi vilivyoinuka mashavuni, vidogo kama punje za uwele. Bibi alikuwa navyo, na mimi vimeanza kunitoka. Hivyo ni vinyama vya kurithi, vya kawaida mno kwetu sisi weusi, wala havigeuki kuwa saratani.

Kinachoniuma ni kwamba tunahangaika na hivyo vya usoni kwa ajili ya urembo, ilhali unyayo hatuutazami. Melanoma ni nadra kwa watu weusi, lakini ikija mara nyingi hukaa kwenye nyayo, viganja na chini ya kucha, na hapo jua silo chanzo. Bob Marley aliipata kwenye kidole gumba cha mguu, chini ya ukucha. Iligunduliwa mwaka 1977, akafariki Mei 1981 akiwa na miaka 36.

Tazama mabadiliko kwanza. Doa lililotulia miaka na miaka, halafu likaanza kukua, kuinuka, kuwasha au kutoka damu, lipeleke hospitali. Hali kadhalika doa ambalo nusu zake mbili hazilingani, kingo zimemegekamegeka, lina rangi zaidi ya moja, au limezidi milimita 6, yaani upana wa kile kifutio cha nyuma ya penseli. Michirizi myeusi kwenye kucha kadhaa ni kawaida kwetu. Ukiona mchirizi mmoja, kwenye ukucha mmoja, unapanuka au weusi wake umevuka hadi kwenye ngozi, nenda. Na kidonda cha unyayo kisichopona, usikiite mwiba mpaka kipimwe.

Mimi mwenyewe nilijikuta na doa karibu na kidole kidogo cha mguu wa kushoto. Siku mbili sikulala. Daktari aliweka juu yake kioo cha kukuzia chenye taa, akanionyesha: rangi ilikuwa imelala ndani ya vifereji vya ngozi, mistari myembamba iliyonyooka, kama maji kati ya matuta ya viazi. "Ingekaa juu ya matuta yenyewe, ningekata kipande kikapimwe," alisema. Lilikuwa na milimita 4. Aliniagiza nilipige picha kila mwezi, rula ikiwa pembeni, na ndivyo nifanyavyo hadi leo.

Nawaomba sana, msifunge doa kwa uzi, msilipake maji ya betri, wala msikubali lichomwe saluni. Mbali na kidonda utakachopata, kilichoungua hakipimiki tena maabara, na kama ilikuwa saratani, mizizi inabaki ndani ikiendelea kimyakimya.

Na ukifika zahanati na kidonda mguuni, taja mwenyewe kama palikuwa na doa hapo kabla. Usingoje kuulizwa. Sisi tulikaa karibu mwaka mzima bila mtu kutuuliza.