Kuchemsha hakuondoi petroli kisimani
Dada wa Ujiji, umeuliza kama kuchemsha kunatosha kwa maji ya kisima yanayonuka petroli tangu tenki la kituo jirani livuje. Hapana, tafadhali usijaribu! Petroli ina benzeni, inayosababisha saratani. Ukichemsha inapanda na mvuke, mnaivuta jikoni. WHO inaweka kikomo cha mikrogramu 10 tu za benzeni kwa lita ya maji ya kunywa. Acheni kisima hicho leo, hata kuoga. Toa taarifa NEMC, chombo cha taifa cha kusimamia mazingira, na Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Tanganyika, iko hapo hapo Kigoma. Mwenye kituo ndiye wa kusafisha: afukue tenki, aondoe udongo uliolowa, avute kwa pampu petroli inayoelea juu ya maji ya ardhini, kisha hewa ipulizwe ardhini ili bakteria wayale masalia ya petroli. Mara nyingi huchukua miaka, kwa hiyo mdaini maji mbadala sasa.