Mbwa Wako Anapanda Ndege: Anza na Chipu

Msimu wa kuhama umefika, na barua nyingi wiki hii zinahusu wanyama wa nyumbani wanaovuka mipaka na wenyewe. Nazijibu sita.

Shikamoo daktari. Mume wangu amepata kazi Ujerumani, tunaondoka baada ya miezi miwili. Mbwa wetu alichanjwa kichaa cha mbwa mwezi wa tisa, kwenye chanjo ya bure ya mtaani, na kadi ninayo. Inatosha? (Mama wa watoto wawili, Tabata, Dar es Salaam)

Marahaba mama. Haitoshi, na inaniuma kukwambia hivyo kwa sababu ulifanya jambo jema kumchanja. Ulaya haiitambui chanjo iliyotangulia chipu. Kadi yako inasema "mbwa, dume, kahawia"; Tabata peke yake mbwa wa namna hiyo wako wangapi? Chipu ni kidude kama punje ya mchele, kinachoingizwa kwa sindano chini ya ngozi ya shingo, na kina namba ya tarakimu 15. Chanjo ichomwe siku hiyohiyo baada ya chipu, au baadaye. Subiri siku 30, ndipo atolewe damu ipelekwe kwenye maabara inayotambuliwa na Umoja wa Ulaya kupima kinga. Kisha hesabu miezi mitatu kuanzia siku damu ilipotolewa. Tanzania na Kenya hazimo kati ya nchi zilizosamehewa kipimo hiki. Jumla ni miezi minne, tena usipokosea hatua hata moja.

Kwa hiyo tangulieni nyinyi, mbwa abaki kwa ndugu siku zikihesabika, halafu mmoja wenu arudi kumchukua. Msimtume tu peke yake: mbwa na mwenye mbwa wakipishana kwa zaidi ya siku tano, anahesabiwa kuwa mzigo wa biashara, na karatasi zake ni nyingine kabisa. Cheti cha afya kitolewe na daktari wa mifugo wa serikali ndani ya siku kumi kabla ya kuingia Ulaya.

Na hili nakuomba sana. Kila mbwa anapohudumiwa, daktari apitishe mashine ya kusomea chipu shingoni, asome namba kwa sauti, nawe uifuate kwa kidole kwenye karatasi. Niliwahi kuletewa mbwa aliyekataliwa uwanja wa ndege kwa sababu kwenye majibu ya damu 6 iliandikwa 8. Familia ilikuwa imeshapaa. Tulianza upya.

Fundi wa mtaani yuko tayari kunichongea tundu la mbao. Nimpe vipimo gani? (Msomaji wa Kilimani, Nairobi)

Kabla hujamlipa fundi, uliza shirika lako la ndege kama linakubali tundu la mbao. Likikubali, msimamishe mbwa kando ya ukuta. Pima kutoka ncha ya pua hadi mzizi wa mkia, uongeze nusu ya urefu wa kutoka sakafuni hadi kiwiko cha mguu wa mbele: huo ndio urefu wa tundu. Mbwa wa sentimita 70 mwenye kiwiko cha sentimita 30 anahitaji tundu la sentimita 85. Upana ni mabega yake mara mbili. Kimo ni kutoka sakafuni hadi ncha za masikio, pamoja na unene wa tandiko. Vipimo hivi ni vya ndani. Matundu ya hewa yawe pande zote nne, sakafu isivujishe mkojo, na chombo cha maji kiweze kujazwa bila kufungua mlango.

Lakini tundu zuri bila mazoezi ni jela. Liweke sebuleni mwezi mzima au zaidi, mlango ukiwa umeng'olewa, chakula chake kiwe humo. Mwanzoni atanyoosha shingo, miguu ya nyuma ibaki nje, anyakue nyama na kurudi nyuma. Usimsukume. Siku atakapoingia mwenyewe, akazunguka, akajilaza na kushusha pumzi, ndiyo siku ya kurudisha mlango.

Paka wangu wa Kiajemi ni mwoga mno. Nimpe dawa ya usingizi tukienda Muscat? (Mombasa)

Hapana. Dawa hiyo hushusha presha ya damu na kumnyima uwezo wa kujishika tundu linapoinama, na ndani ya tumbo la ndege hakuna wa kumwangalia. Paka wako ana pua fupi, joto humwelemea upesi, kwa hiyo mashirika mengi hayampakii na mizigo. Tafuta linaloruhusu paka kukaa na abiria, na msiende Juni wala Julai.

Nina mtoto wa mbwa wa miezi minne. Naweza kwenda naye Texas? (Arusha)

Bado, kaka. Tangu Agosti 1, 2024 Marekani haipokei mbwa aliye chini ya miezi sita. Na kwa kuwa Tanzania imo kwenye orodha ya nchi zenye hatari kubwa ya kichaa cha mbwa, utahitaji pia chipu, cheti cha chanjo kilichothibitishwa na daktari wa serikali, na nafasi kwenye kituo maalumu cha kupokelea wanyama. Asipokuwa na majibu halali ya kipimo cha damu, atawekwa karantini siku 28.

Kasuku wetu wa kijivu tunaweza kumpeleka Ubelgiji? (Bukavu)

Bila vibali, msithubutu. Tangu Januari 2017 yumo kwenye Kiambatisho cha Kwanza, yaani orodha yenye masharti makali zaidi, cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, kwa sababu ametegwa mno misituni. Kinatakiwa kibali cha kutoka na cha kuingia, pamoja na ushahidi wa alikopatikana. Aliyenunuliwa barabarani hana ushahidi huo. Mtafutieni mlezi anayemjua.

Mbwa wetu ana miaka 13 na moyo wake ni dhaifu. Tunahamia Kanada, watoto wanalia. Tumwache? (Tanga)

Ndiyo, mwacheni. Angekuwa wangu, ningemwacha. Watoto waambieni ukweli mapema, wasije wakaugundua siku ya safari. Atakayebaki naye aanze kuja kwenu sasa, amlishe yeye, amtembeze yeye, ajue saa za dawa. Bakuli lake lisibadilishwe. Na shuka mtakazolalia usiku wa mwisho msizifue, mtandikieni.