Mbegu za mwaloni hazianikwi juani

Umeuliza kama uzianike kwanza mbegu za mwaloni (mti uitwao oak kwa Kiingereza) kabla ya kuzipanda. Usizianike kabisa, ndugu. Mbegu ya mwaloni si kama mahindi: ikikauka imekufa, hata uimwagilie vipi. Hizo ulizoletewa kutoka Uingereza zitumbukize kwenye ndoo ya maji. Zinazoelea tupa, nyingi huwa zimeshaliwa na funza kwa ndani. Zilizozama zipande leo leo, zilale ubavu, udongo wa sentimita 3 hivi juu yake. Tumia kopo refu lililotobolewa chini, maana mzizi mkuu hushuka kwanza, jani linakuja baadaye sana, na watu wengi hukata tamaa hapo wakamwaga udongo.

Ila mwaloni huo ni mti wa nchi za baridi. Kwa joto letu la Dar utapata mche, mti mkubwa sikuahidi. Kama una mtu Lushoto, kule milimani kwenye baridi, mpelekee.