Chakacha, korona ya mkonge na Kraftwerk: kwa mnaoanza kutengeneza muziki wa kompyuta

Kijana akija kwangu Ngamiani, Tanga, na flashi yake mkononi, tukishasalimiana huwa namwuliza amekulia kwenye muziki gani. Wengi hunitajia majina: msanii wa Marekani, didjei wa Afrika Kusini, prodyuza wa singeli wa Dar es Salaam. Sawa. Halafu namwuliza swali la pili, na hapo ndipo kimya huingia: kwa huyo uliyemtaja, umechukua nini? Besi yake? Anavyonyamaza? Anavyochelewesha makofi? Kama huwezi kukitaja kitu chenyewe, utakachofanya ni kuurudia wimbo wake mzima kwa vifaa duni kuliko vyake.

Mimi nimetoka kwenye mchanganyiko ambao mtu wa nje akiusikia anadhani haupatani. Kwa shangazi yangu kulikuwa na kaseti za taarabu ya Tanga, Black Star na Lucky Star, Shakila akiimba. Vikundi hivi havikuwa na safu ndefu ya fidla kama za Unguja. Walikuwa watu wachache, na gitaa la umeme na besi vilibeba mzigo mkubwa. Besi ile ndiyo niliyoichukua. Inatamka, inanyamaza, inamwacha mwimbaji amalize neno lake, kisha inamjibu. Hadi leo nikimaliza kuandika besi, kazi yangu ya kwanza ni kufuta nusu ya noti zake.

Kwa bendi za dansi za mji huu, Jamhuri Jazz na Atomic Jazz, nilichukua adabu ya magitaa. Solo, sekondi solo na rithimu vinapiga kwa wakati mmoja na hakuna anayemkanyaga mwenzake, kila mmoja ana ghorofa yake. Sauti zako tatu za kinanda zikigombana, usikimbilie kupunguza hii na kuongeza ile. Ihamishe moja juu oktavu nzima, usikilize tena.

Baba alifanya kazi kwenye shamba la mkonge upande wa Muheza. Korona, ile mashine inayokwangua majani ya mkonge mpaka zibaki singa, niliisikia kabla sijajua kusoma. Ina ngurumo ya chini isiyokatika, na juu yake majani yanaingia kwa zamu: kraa, kraa, kraa. Miaka mingi baadaye rafiki alinisikilizisha Kraftwerk, Wajerumani wa Düsseldorf, ambao mwaka 1977 walitoa albamu ya treni na kuigiza kwa mashine mwendo wa magurudumu juu ya reli. Nilisimama katikati ya chumba. Walikuwa wamefanya muziki kwa kitu ambacho mimi nilikiita kelele za kazini kwa baba. Na wao hawakubaki kwao tu: mwaka 1982, New York, Afrika Bambaataa na wenzake walichukua mahadhi yao wakayaweka juu ya mapigo ya mashine ya ngoma, Roland TR-808. Detroit nako kina Juan Atkins walikuwa wakiwasikia Kraftwerk kwenye redio usiku uleule pamoja na fanki ya Wamarekani weusi, na hapo ikazaliwa tekno. Nilirudi shambani na simu, nikaomba ruhusa kwa msimamizi, nikarekodi korona dakika nne. Kipande cha sekunde moja kutoka mle ndicho kimekuwa kayamba yangu kwenye nyimbo kadhaa. Ukirekodi mashine kubwa namna hiyo, kata masafa yote ya chini ya hezi 100 hivi, maana humo ndimo besi inakaa, na korona haimpishi mtu.

Sasa chakacha, ngoma ya pwani inayochezwa kwa nyonga, na hapa naomba mtulie. Programu nyingi ukizifungua zinakupa mzunguko wa hatua 16, yaani visanduku 16 vya kuwekea mapigo. Chakacha haikai humo, mwendo wake ni wa sita kwa nane. Ukiilazimisha itaingia, ila nyonga zitakufa. Weka hatua 12. Ngoma nzito ikae kwenye 1, 4, 7 na 10. Hiyo ni miguu minne, yaani mapigo manne mazito yaliyo sawa, ya house, muziki wa dansi wa mashine uliozaliwa Chicago. Chapuo iweke kwenye 1, 3, 5, 7, 9 na 11. Mmoja anahesabu nne, mwingine sita, wanakutana kwenye 1 na 7 peke yake, na katikati ya hapo ndipo mwili unapata pa kuzunguka. Kayamba iende hatua zote, lakini nguvu zisilingane hata mbili. Kabla ya kugusa kompyuta, jifunze kwa magoti: kushoto mara mbili, kulia mara tatu, kwa muda uleule. Mpiga ngoma wa harusini aliyenifundisha hili alinikalisha barazani jioni nzima, na hakuniruhusu kuinuka mpaka niweze kuzungumza huku mikono inaendelea.

Programu ipi ni bora? Yoyote unayoijua.

Lipo kosa langu ambalo sitaki mlirudie. Nilipopenda singeli, ile kasi ya mapigo 200 na zaidi kwa dakika, nilichukua sauti ya bibi mmoja kutoka kwenye kaseti ya harusi ya zamani, nikaikimbiza mpaka ikawa nyembamba kama ya mtoto. Ikapigwa kwenye sherehe, watu wakacheza. Baada ya wiki nikaitwa kwake Makorora.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Ule wimbo, mwanangu, mbona umenikimbiza? Pale nilikuwa naomboleza."

Sikuwa nimesikiliza maneno. Nilisikia mahadhi tu. Ofisi ya hakimiliki ipo, COSOTA, na taratibu zake zifuateni. Lakini hata ningekuwa na karatasi zote, swali la bibi lingebaki palepale. Tangu siku ile siikati sauti ya mtu kabla sijaandika maneno yake yote kwenye daftari na kumwuliza mwenyewe, au watu wake, aliimba kwa ajili ya nini.

Wimbo ule niliutoa kote nilikokuwa nimeusambaza. Nikamwomba aimbe upya kwa mwendo anaoutaka mwenyewe. Tukazima feni na friji, tukafunga dirisha la upande wa barabara, simu nikaiegemeza kwenye mto. Akaimba taratibu sana, mapigo 62 kwa dakika. Chini yake niliweka korona peke yake, mbali, na besi ya noti tatu.