Ule ukurasa wa daftari

Mwanangu,

Umeniuliza kama mume akimlazimisha mkewe sheria inauita ubakaji, au ni ugomvi wa nyumbani tu. Inategemea uko nchi gani. Uingereza waliishi na maneno ya Jaji Matthew Hale, yaliyochapishwa 1736, yeye mwenyewe keshakufa, kwamba mwanamke akishaolewa amejitoa kwa mumewe na hawezi kujirudisha. Mwaka 1991 mahakama yao ya juu ikayatupa. Namibia tangu mwaka 2000 ndoa si kinga. Kenya, sheria ya 2006 iliwaacha wanandoa nje. Ile ya 2015 ikautaja ukatili wa kingono ndani ya ndoa, ila mke anachopata ni amri ya ulinzi. Tanzania, kifungu cha 1998 kinamtaja mke aliyetengana na mumewe. Anayelala naye chumba kimoja kinampita.

Hukuniuliza habari za shangazi yako, lakini siwezi kukujibu nikamruka.

Siku ya kile kikao nilikuwa na miaka 22. Wazee walinipa ukatibu kwa sababu mwandiko wangu unasomeka. Dada alisema, akiangalia miguu yake: “Nilimwambia sitaki. Nikamwambia tena.” Baba mkubwa akakohoa, akanigeukia: “Andika, mke anamnyima mume unyumba.” Nikaandika. Aliyekuja kulalamika akawa mshtakiwa, kwa mstari mmoja wa wino wa bluu. Tena kwa mwandiko mzuri.

Unaujua msimamo wangu, umeusikia tangu unajifunza kusoma: kiandikwe kilichosemwa. Sasa unajua ulikotoka.

Nilikuwa kijana, ningewajibuje wazee? Hapana, hiyo si hoja, kalamu niliishika mimi. Lakini hata ningeandika “alikataa”, ningeupeleka wapi ule ukurasa? Polisi wangemrudisha kwa wazee walewale. Wanasema pia chumbani hakuna shahidi. Mwizi wa usiku naye haji na shahidi, na kesi yake inasikilizwa. Basi kinachogomba si ushahidi. Ni lile neno “unyumba”, linalomfanya mke mdaiwa kila usiku. Nasema tena, kiandikwe kilichosemwa, na kwenye sheria pia: alisema hataki.

Halafu umeniuliza pembeni, kama mzaha, iwapo mume wa shangazi yako alistahili kufungwa. Usinisukume huko. Ni baba wa binamu zako, na siku unahitimu alilia kwa furaha kunishinda mimi. Kalamu inaniwasha kweli, lakini si mimi wa kulisema hilo. Shangazi yako mwenyewe yupo hai, na hakuna aliyewahi kumuuliza.

Daftari ninalo, limo kwenye sanduku la marehemu babu yako. Ukija nitakuonyesha. Dada hajawahi kuniuliza siku ile niliandika nini.

Baba yako