Maswali na Majibu: Vipuri vya Skeli Tofauti Katika Gari Moja

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaunda kwa mkono, bila seti kamili, mfano wa gari la mashindano ya masafa marefu la miaka ya 1960 kwa skeli ya 1/24, yaani kila kipimo ni sehemu moja ya 24 ya gari halisi. Nina rimu na matairi kutoka seti ya gari la Formula One la miaka ya 1970 ya skeli ya 1/20, pamoja na injini ya V8, kioo cha mbele na dereva kutoka seti za 1/25. Mwenzangu ananishauri nitupe kila kisichoandikwa 1/24. Je, nimsikilize?

JIBU: Ndugu msomaji, usitupe kitu kabla hujakipima. Namba iliyoandikwa kwenye boksi inaeleza kipuri kilikusudiwa gari gani, lakini haikuzuii kukitumia kwingine. Pima kila kipuri kwa kalipa (kifaa cha kupimia vipenyo na unene), zidisha kwa 24, kisha ulinganishe jibu na kipimo cha gari halisi.

Tuanze na rimu, ambazo bila shaka ndizo zilizomtia mwenzako wasiwasi, kwa kuwa 1/20 ni kubwa kuliko 1/24 kwa asilimia 20. Magari ya Formula One ya wakati huo yalitumia kwa kawaida rimu za inchi 13, yaani milimita 330, ambazo kwa 1/20 huwa na kipenyo cha milimita 16.5. Zidisha kwa 24 upate milimita 396, ambazo ni karibu inchi 15 na nusu. Ikiwa gari lako lilikuwa na rimu za inchi 15, zilizokuwa za kawaida kwa magari mengi ya aina hiyo, basi rimu zako zimepita kipimo kwa milimita 0.6 tu. Upana ndio utakaokusumbua, kwa sababu matairi ya nyuma ya Formula One ya miaka hiyo yalikuwa mapana mno. Itakubidi uyakate katikati na kuyaunganisha upya.

Dereva wa 1/25 hana tatizo lolote. Mtu wa sentimita 175 huwa na urefu wa milimita 70 katika skeli hiyo, na akiketi ndani ya gari la 1/24 ataonekana kama mtu wa sentimita 168. Watu hutofautiana kuliko hivyo.

Injini nayo inavumilika. Ikiwa ile halisi ina urefu wa milimita 600, yako itakuwa na milimita 24 badala ya 25, na kipande cha plastiki cha milimita moja kati yake na giaboksi kitaziba pengo hilo. Kioo cha mbele ndicho ningekiweka kando, maana hakina budi kukutana na bodi pande zote. Kioo chenye upana halisi wa milimita 1,200 kinahitaji nafasi ya milimita 50, ilhali chako kitakuwa na 48, na milimita mbili kwenye ukingo wa kioo huonekana hata na mtu asiyejua magari. Kata kingine kutoka plastiki angavu, ukifuata kiolezo cha karatasi ulichokijaribu kwanza juu ya bodi.

Hukutaja mchoro unaoufuata, nami naushuku kuliko vipuri vyako. Pima juu yake umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma: gari lenye umbali halisi wa milimita 2,400 lazima lionyeshe milimita 100 kwa 1/24. Ukikuta 120, mchoro ni wa 1/20, nawe utaupunguza hadi asilimia 83.3 kwa mashine ya fotokopi. Baada ya hapo pima tena urefu na upana, kwa kuwa mashine nyingine huvuta karatasi upande mmoja.

Kumbuka pia kwamba unene wa plastiki haupungui pamoja na skeli. Bapa la milimita 0.5 lingekuwa na unene wa milimita 12 kwenye gari halisi, wakati bati la alumini la milimita moja la gari halisi lingehitaji kwenye mfano wako unene wa milimita 0.04, ambao huwezi kuufanyia kazi. Liache bapa lako na unene wake, kisha piga msasa kwa ndani kwenye kingo zinazoonekana tu, yaani matao ya magurudumu, milango na matundu ya hewa, mpaka ncha ziwe nyembamba.